Chakula kikikwama, anza na kamera

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme jambo linalowahusu watu wa Kilimanjaro na Arusha, hasa waliovuka miaka 40, ingawa vijana nao hatuwatoi.

Mgonjwa wa chakula kukwama anapofika chumba cha endoskopi, yaani kipimo cha kamera inayoingizwa mwilini, mara nyingi mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani mna majibu mawili au matatu ya ultrasaundi ya miezi tofauti, yote yakisema tumbo halina tatizo. Mna karatasi ya kipimo cha damu inayosema H. pylori, bakteria wa tumboni, chanya. Mna na maboksi matupu ya omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, ameyatunza ili aonyeshe alichokwisha kutumia. Jina la ugonjwa liliandikwa siku ya kwanza: vidonda vya tumbo. Hakuna aliyeviona hivyo vidonda. Kila aliyefuata alinakili ya mwenzake.

Ultrasaundi ile haikukosea, ila iliulizwa swali lisilo lake. Umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni bomba la misuli lenye urefu wa kama sm 25, nalo limepita nyuma ya koo la hewa na nyuma ya moyo, kati ya mapafu. Mawimbi ya sauti hayapenyi hewa wala mfupa, na mfuko wa chakula nao kwa kawaida una hewa. Kile kichwa kinachopakwa jeli na kuteleza juu ya tumbo kinaona vizuri ini, mawe ya nyongo, figo, wengu na maji yaliyojaa tumboni. Kidonda cha sm 1 ndani ya mfuko wa chakula hakikioni, wala uvimbe wa katikati ya umio. Kwa hiyo mtu anayeambiwa "ultrasaundi imeonyesha una vidonda" ameuziwa maneno, na anayekwamwa na ugali akaambiwa "ultrasaundi ni safi, nenda nyumbani" amepotezewa miezi.

Miezi ndiyo tunayoililia. Umio una tabia ya kutanuka, na hiyo ndiyo balaa yake. Ukiwa mzima hupanuka kufikia sm 2 na zaidi, na mtu huanza kukwamwa na vyakula vigumu pale nafasi inapobaki kama mm 13. Uvimbe unaoleta dalili basi si wa jana. Kinachotangulia kukwama ni nyama choma, halafu ugali, halafu ndizi, baadaye hata mtori na uji, mwisho mate. Mgonjwa naye hujirekebisha kimya kimya: anakata nyama vipande vidogo, anasukuma kila tonge kwa maji, anauacha ugali na kuhamia wali wa bokoboko. Nyumbani wanasema mzee siku hizi anachagua chakula. Mkanda umeshatobolewa matundu mawili mapya kabla mtu hajauliza.

Mpangilio huo wa kukwama una maana, na mhudumu wa zahanati anaweza kuupata kwa maswali ya dakika tano. Vigumu kwanza, laini baadaye, maji mwisho, ndani ya miezi michache, huku kilo zikishuka: hapo fikiria uvimbe unaokua. Ugali na maji kukwama pamoja tangu mwanzo, kwa miaka, na mgonjwa kuamka usiku chakula kisicho na uchachu kimerudi mdomoni: huenda mlango wa chini wa umio umekataa kulegea, ugonjwa uitwao akalasia, na tiba yake ni tofauti kabisa. Akikohoa kila anapomeza funda la maji, aseme mapema, kwa sababu inawezekana pametoboka tundu kati ya umio na njia ya hewa.

Hatusemi haya kwa kutisha. Mashariki mwa Afrika, Kenya, Tanzania na Malawi zikiwemo, saratani ya umio ni nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na hospitali ya KCMC hapa Moshi imekuwa ikiwapokea wagonjwa wake kutoka kanda nzima ya kaskazini kwa miongo. Sababu ni nyingi na bado zinachunguzwa. Tumbaku na pombe zimo. Ya chai ya moto inastahili sentensi zaidi. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa 2015 ulikuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa karibu na nyuzi 70. Wa nyumbani anaelewa kwa nini: chai ya maziwa inachemshwa na maziwa yake humo humo, inamiminwa kwenye chupa ikiwa inatokota, na mgeni akipewa ya uvuguvugu anaona amedharauliwa. Kuimimina kikombe hadi kikombe mara mbili tatu hakumvunjii mtu heshima.

Sasa vipimo vyenyewe. Eksirei ya kumeza bariamu, ule uji mweupe mzito, inasaidia pale kamera haipo karibu au pale tunapotaka kujua umbo la umio wote. Kwenye akalasia bariamu huchongoka chini kama mdomo wa chiriku, kingo zake laini. Kwenye saratani njia huwa nyembamba ghafla, kingo zimeliwa liwa. Lakini bariamu haikati kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, na bila kinyama hakuna anayejua kwa hakika ni ugonjwa gani. Tena ina adha moja ambayo wanaoiandikia hawaikumbuki: hubaki imeganda ukutani kama chokaa, kamera ikipita kesho yake haioni kitu, na njia ya kunyonya ya kifaa inaziba. Kama mgonjwa atafanyiwa kamera wiki hiyo hiyo, aanze na kamera. Na kama kuna shaka kwamba utumbo umetoboka, bariamu isiguswe. Hapo eksirei ya kawaida, mgonjwa akiwa wima, hutafuta hewa iliyokimbilia chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, na ikionekana safari ni ya chumba cha upasuaji.

Siti skani huja baada ya kinyama, kuangalia uvimbe umefika wapi: tezi, ini, mapafu. Kabla ya dawa ya mshipani inayotumika kwenye skani hiyo, pimeni figo. Kuifanya ya kwanza kwa mtu anayekwamwa na chakula ni kutumia fedha nyingi kwa jibu ambalo bado litahitaji kamera.

Kamera yenyewe inaogopwa kuliko inavyostahili. Watu wanasema "kumezeshwa mpira", na mpira wenyewe una unene wa mm 9 hadi 10, kama kidole kidogo cha mkono, na urefu wa kama mita moja. Nchani pana taa, lenzi, tundu la kupulizia hewa na maji, na tundu la karibu mm 2.8 linalopitisha vifaa. Ncha inapinda hadi kujitazama yenyewe, ndiyo maana daktari anaweza kuona dari ya mfuko wa chakula iliyo nyuma ya lango lake.

Mgonjwa asile kwa saa 6. Maji meupe kidogo anaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Hapa ndipo pa kosa la kwanza. Saa 6 zinamtosha mtu ambaye njia yake iko wazi. Anayekwamwa na uji, au anayetapika chakula cha jana, akifunga saa 6 bado umio au tumbo lake lina shehena, na akilala na dawa ya usingizi shehena hiyo hupanda na kuingia mapafuni. Huyo awe kwenye vimiminika tu siku moja au mbili kabla, na aliyemwandikia rufaa aseme wazi kwamba ana kizuizi. Dawa ya presha anywe asubuhi kwa funda moja la maji. Mwenye kisukari apangwe wa kwanza, na dozi ya asubuhi aiulize kabla, asijikadirie. Anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuyeyusha damu aseme siku ya kupangiwa, siyo akiwa ameshalala kitandani.

Meno ya bandia hutolewa. Koo linapuliziwa ganzi ya lidokeini, na baada ya dakika chache mgonjwa huhisi koo limevimba na kwamba hawezi kumeza. Anameza, ni ganzi tu, na wanaoambiwa mapema hawapapatiki. Analala ubavu wa kushoto, kidevu kimeinamia kifuani, kati ya meno pana plastiki yenye tundu, ambayo kazi yake ni kulinda kifaa kisitafunwe. Akihitaji usingizi hupewa midazolamu mshipani kidogo kidogo, kidoleni pana kifaa cha kupima oksijeni muda wote. Mate ayaache yatoke pembeni, asiyameze. Apumue kwa pua, taratibu. Kichefuchefu kikubwa ni pale kamera inapopita kooni, baada ya hapo hupungua. Dakika 5 hadi 15 kazi imekwisha. Asinywe chochote mpaka ganzi iishe, yaani nusu saa hadi saa moja, na aliyechomwa sindano ya usingizi asiendeshe gari wala bodaboda kwa saa 24. Akipata maumivu makali ya kifua, homa, akitapika damu, au ngozi ya shingo ikilia kama karatasi akiibonyeza, arudi saa hiyo hiyo.

Tudokeze pia kuhusu ripoti, maana mgonjwa analipia karatasi ile na ana haki ya kuielewa. Kifaa kina alama za sentimita ubavuni. Umio huanza kama sm 15 kutoka meno ya mbele, na lango la mfuko wa chakula liko karibu sm 40. Ripoti inayosema "uvimbe umio wa kati" bila namba inamlazimisha daktari wa pili kurudia kazi. Inayosema uvimbe umeanza sm 27 na kuishia sm 33, kamera imepita au haikupita, vinyama 6 vimechukuliwa, hiyo inafanyiwa kazi.

Sita kwa sababu gani? Uvimbe wa umio una sehemu iliyooza juu, na koleo la kukatia vinyama likiokota hapo tu maabara inajibu "uozo tu, rudia". Koleo lishike pembezoni, mahali palipo hai, na si mara moja. Kichupa kiwe na fomalini, dawa ya kuhifadhia, asilimia 10, nyingi kuliko kinyama, kiandikwe jina ubavuni na siyo kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Tumeona aibu ndogo ndogo zinazotokana na kalamu ya wino unaofutika, na gharama yake ni safari ya pili ya mtu kutoka Rombo au Karatu.

Kuna na kitu cha bei ndogo ambacho tungependa kitumike zaidi: rangi ya Lugol, yaani ayodini. Ikipuliziwa kwenye umio, ngozi ya ndani iliyo na afya hugeuka kahawia kwa sababu ina wanga wake, na sehemu iliyoanza kuharibika hubaki ya njano, hata kama kwa macho ya kawaida ilikuwa haitofautiki. Hapo koleo linajua pa kwenda. Mwenye mzio wa ayodini asipuliziwe, na wengine huhisi kifua kuwaka kwa muda.

Turudi kwa vidonda vya tumbo, maana vipo kweli, tena vingi. Marshall na Warren, watafiti wa Australia, walipata Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria huyu, H. pylori, ndiye chanzo cha vidonda vingi. Ila kipimo cha damu kinachouzwa mitaani hutafuta kinga ya mwili, na kinga hubaki miezi na miaka baada ya bakteria kufa. Mtu ametibiwa, amepona, anapimwa tena, chanya, anapewa dozi nyingine, ya nne, ya tano. Kipimo cha choo cha antijeni ndicho kinachosema bakteria yupo sasa. Asitumie omeprazole kwa wiki 2 kabla yake, wala antibayotiki kwa wiki 4, la sivyo bakteria hujificha na jibu likawa hasi la uongo. Sheria hiyo inagusa na kipimo kingine cha bakteria huyu, kile kijitone cha njano tunachotumbukiza kinyama cha tumbo, ambacho hugeuka waridi bakteria akiwepo. Dozi inayotumika sana ni siku 14: omeprazole mg 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini mg 500, zote asubuhi na jioni. Anayeacha siku ya tano kwa sababu mdomo unakuwa mchungu anabaki na bakteria sugu. Asiyepatana na penisilini aseme kabla. Kupona kupimwe si chini ya wiki 4 baada ya kumaliza.

Tena kidonda cha mfuko wa chakula, tofauti na kile cha utumbo wa kwanza, kirudiwe kuangaliwa baada ya wiki 6 hadi 8. Baadhi ya saratani za tumbo huvaa sura ya kidonda, na omeprazole huweza kukausha juu huku chini kazi inaendelea.

Kwa utumbo mpana kamera hupitia njia ya haja kubwa, ni ndefu zaidi na maandalizi ndiyo nusu ya kipimo. Siku mbili au tatu kabla, mgonjwa aache maharage, makande, kiburu, loshoro, mboga za majani na matunda ya mbegu. Ganda la punje moja ya hindi linatosha kuziba njia ya kunyonya. Ale wali mweupe, mayai, samaki, mkate mweupe. Vidonge vya kuongeza damu aviache wiki moja kabla, huacha choo cheusi kinachonata. Dawa ya kusafisha, kwa kawaida lita 4 za maji yaliyochanganywa unga uitwao PEG, igawanywe: nusu jioni, nusu alfajiri, imalizike saa 2 kabla ya kipimo. Anayekunywa yote jioni hufika asubuhi utumbo wa kulia umefunikwa na ute wa nyongo. Soda nyekundu na juisi ya rosela zisinywewe, zinafanana na damu. Kipimo cha kuwa tayari ni rahisi: kinachotoka kiwe kama mkojo, cha njano na kinapitisha mwanga.

Wapangaji wa miadi nao wasikie hili. Kumpa mtu wa Same saa 2 asubuhi ni kumwambia anywe nusu ya pili ya dawa hiyo ndani ya basi. Wa mbali wapewe mchana, au walale Moshi karibu na hospitali, chumba chenye choo chake.

Usafi wa kifaa tunautaja kwa sababu mgonjwa ana haki ya kuuliza. Mara kinapotoka mdomoni kinafutwa na kunyonya maji ya sabuni papo hapo, ute usikaukie ndani. Kinapimwa kama kinavuja kabla ya kuzamishwa; anayeruka hatua hii ndiye anayeingiza maji kwenye waya na kulaza chumba miezi mitatu kusubiri fundi. Kila njia inasuguliwa kwa brashi, kinasuuzwa, kisha kinazamishwa kwenye dawa, kwa mfano glutaraldehaidi ya asilimia 2 kwa dakika 20, na nguvu ya dawa hiyo inapimwa kwa kijikaratasi. Baada ya hapo ni maji safi, spiriti, hewa, na kutundikwa wima. Kukirudisha kwenye sanduku lake kikiwa na unyevu ni kufuga vijidudu.

Kamera inatibu pia. Kidonda kinachotoa damu huchomwa adrenalini na kubanwa klipu. Mishipa iliyovimba kwenye umio kwa sababu ya ini au kichocho hufungwa raba, na hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka iishe. Saratani ya umio iliyokwisha kuenea huwekewa bomba la waya linalojifungua lenyewe, lenye upana wa kama mm 18, lizidi uvimbe sm 2 juu na sm 2 chini. Siku ya kwanza ni vimiminika tu, maana bomba bado linafunguka. Halafu mtori uliosagwa, uji, supu, viazi vilivyopondwa. Nyama ya vipande, nyuzi za chungwa na ugali wa kumezwa bila kutafunwa ndivyo vinavyoliziba. Ale ameketi, anywe maji kila baada ya matonge machache, na kama bomba limevuka lango la tumbo alale mto ukiwa juu, la sivyo asidi itapanda usiku kucha.

Ombi letu kwa zahanati na maduka ya dawa ni dogo. Anayekwamwa na chakula, anayetapika damu, anayetoa choo cheusi kama lami, au anayepungua kilo bila sababu asipewe boksi la pili la omeprazole. Aandikiwe rufaa ya kamera. Na rufaa iandikwe kinachokwama ni nini, tangu mwezi gani, kilo zilizopungua, na dawa anazotumia. Bahasha ya kaki aje nayo pamoja na yale maboksi matupu: tarehe za risiti hutuambia kilianza kukwama lini, hata mwenyewe akiwa amesahau.

Madaktari na wauguzi wa endoskopi,
Moshi